Mwenye Uwanja na Mwenyeji wa Uwanja

Methali za Waswahili hazikutungwa na mtu mmoja, na ndiyo maana hugombana. Moja yatwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nayo humgeuza mtu uso akatazama mbele. Nyingine yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nayo humshika mtu vazi ikamrudisha nyuma. Mashabiki wa kandanda wa mjini Singida wamesimama baina ya methali hizi mbili tangu mwezi wa Machi 2025, klabu ya Singida Black Stars ilipofungua uwanja wake mpya kwa mchezo wa kirafiki na Yanga. Kufurahi walifurahi, na walikuwa na haki. Mji uliozoea kutajwa kwa alizeti, vitunguu na kuku ulipata kiwanja kilicho mali ya klabu yenyewe, jambo ambalo klabu nyingi za nchi hii, hata zile kongwe, zimeliota kwa miaka bila kulipata. Walakini ukikaa na watu wazima waliozoea uwanja wa zamani, utasikia ndani ya furaha yao sauti ya pili, ya chini, ambayo wenyewe huionea haya. Husema uwanja mpya ni mzuri, lakini. Kisha hunyamaza, maana hawajui ni neno gani lifuate baada ya lakini.

Watu wepesi wa kuhukumu watasema neno hilo ni mazoea tu. Mtu huzoea hata jiwe lililo katika kiatu chake, na siku likitoka hutembea kana kwamba amepungukiwa. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Uwanja wa zamani haukuwa kasri. Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, mechi zake za mwanzo za nyumbani ilizichezea Dodoma, kwa kuwa uwanja wa Namfua ulikuwa bado ukitengenezwa. Aghalabu msifu wa viwanja vya kale ni mtu aliyeketi kivulini; muulize mama aliyesimama juani na mtoto mgongoni, asiyejua aende wapi akibanwa na haja, kama naye anayaona yale mambo kuwa mazuri. Jambo la kwanza la haki, basi, ni kukubali kwamba mwenye kuijenga nyumba mpya hakutenda kosa kwa kuijenga.

Lakini tuitazame tena ile methali ya mbacha. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Methali haikusema kwamba mbacha ni mzuri, wala kwamba msala ni mbaya. Kila mtu ajua kuwa msala ni bora. Nguvu yake yote imo katika herufi moja ya mwisho: mbachao, yaani mbacha wako. Kinachompa mtu sababu ya kuushika mkeka mkuukuu ni kuwa ni wake, na ule mwingine wapita tu mkononi mwa mwenyewe. Hapo ndipo tatizo la shabiki wa Singida linapoanza, kwa sababu uwanja wa zamani haukuwa wake. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Na uwanja mpya si wake pia. Ni wa klabu. Ameuacha mkeka usio wake akaufuata msala usio wake. Je, mtu aweza kuhuzunikia kupotelewa na kitu ambacho hakupata kukimiliki?

Nadhani Kiswahili chatoa jibu ambalo sheria haitoi. Tuna neno mwenye, na tuna neno mwenyeji. Yamkini la pili ni "mwenye mji" lililofupika vinywani mwa watu. Hata kama asili yake ni nyingine, maana zake leo zimeachana. Mwenye ana hati. Mwenyeji ana ujuzi na wajibu: ajua njia, ajua kisima, ajua mahali pa kumketisha mgeni, na mgeni akikosewa aibu ni yake. Mpangaji wa miaka 30 ni mwenyeji wa mtaa ambao hana hata tofali moja ndani yake. Na mwenye nyumba akaaye ng'ambo huenda akawa mgeni mbele ya mlango wake mwenyewe. Shabiki hakuwa mwenye uwanja hata siku moja. Alikuwa mwenyeji wake, na uenyeji ni jambo la kweli ingawa hauandikwi katika ofisi ya ardhi.

Wapo wasemao, wala si wachache, kwamba katika viwanja vile wananchi walikuwa zaidi ya wenyeji. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1992 nchi ilikuwa na mfumo wa chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na katika zama hizo kuchangia shughuli ya chama na kuchangia shughuli ya umma ilikuwa vigumu kutenganisha. Vyama vingi viliporudi, viwanja vikabaki na chama. Mabishano hayo ni ya wanasheria na wanasiasa, nami siyaingii. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba hata mwenye wa sasa anashikilia kitu ambacho jasho lililomo ndani yake halikuwa na kadi.

Singida ina ajabu yake nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo hili. Penginepo duniani klabu ndiyo idumuyo, na uwanja ndio ubadilikao. Arsenal ya London iliacha Highbury mwaka 2006, na pale palipokuwa uwanja pakawa makazi ya watu na bustani; lakini Arsenal ilibaki Arsenal, na mzee aliyelia siku ya kuaga alikuwa na kitu cha kwenda nacho. Singida mambo yalikuwa kinyume. Singida United ilipanda mwaka 2017, mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2 mjini Arusha, na mwaka 2020 ikashuka daraja. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars. Mwaka 2023 hiyo ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamia Babati, na klabu iliyokuwa ikiitwa Ihefu ikaja kuwa Singida Black Stars. Hesabu, msomaji: katika miaka saba mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja alishangilia majina manne, rangi zikibadilika, wachezaji wakibadilika, viongozi wakibadilika. Ni nini basi kilichomfanya aseme "timu yetu" mara zote nne bila kujiona mwongo?

Si klabu, maana klabu ilikuwa ikija na kuondoka kama basi. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zina wanachama; mashabiki wake hurithishana utii kama watu warithishanavyo shamba. Singida haikupata muda wa kuotesha mizizi hiyo. Kilichodumu ni pahali: njia ile ile ya kwendea, majirani wale wale, miamba ile ile ya mji ikionekana kwa mbali, na upepo ule mkavu wa nchi ya kati. Uwanja ndio uliokuwa klabu. Timu zilikuwa wageni wake, na watu waliojaa pale walikuwa wakifanya kazi ya kale ya mwenyeji, yaani kumpokea ajaye na kumwita wetu. Ukimwondoa mtu kama huyo katika uwanja wake, hukumhamisha kiti tu. Umemwondolea kitu pekee kilichomwezesha kusema "sisi".

Nimelipata, basi, lile neno lililokosekana baada ya lakini. Wala si neno la kuukataa uwanja mpya. Ni swali: huko tuendako, tutakuwa wenyeji au wateja? Mteja hupata zaidi ya mwenyeji katika mambo mengi. Hupewa kiti safi, hupewa risiti, na asiporidhika ana haki ya kulalamika. Lakini mteja haoni haya bidhaa ikiharibika. Huenda duka jingine. Mwenyeji huona haya. Klabu ikitaka watu watakaokuja pia katika msimu mbaya, siku ya mvua, wakati inapofungwa na timu isiyo na jina, haitawapata kati ya wateja.

Nimesema Singida ilipata klabu mwaka 2024. Uaminifu wanidai niseme ilipatikana wapi. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, na ilicheza katika uwanja wa Highland Estates, huko Ubaruku, kwenye nchi ya mpunga. Watu wa Mbarali waliipenda timu ile katika umaskini wake na katika ushujaa wake. Kisha msimu mmoja ikaondoka, na wao wakabaki na nyasi. Sisemi kwamba sheria ilivunjwa. Nasema kwamba manung'uniko ya shabiki wa Singida anayeuaga uwanja wake hayana uzito wa haki mpaka ayatambue manung'uniko ya mwenzake wa Mbarali, aliyeachwa na uwanja usio na timu. Wa kwanza amehamishwa hatua chache katika mji wake mwenyewe, na bado ana cha kushangilia. Wa pili aliamka akakuta mgeni wake ameondoka bila kuaga. Mpenda haki hana budi kuyapima yote mawili kwa mizani moja, na nakiri kwamba mizani hiyo haipendezi sana kuishika mtu akiwa upande uliopata.

Liko pia jambo la jina, ambalo wengine huliona dogo. Uwanja wa zamani uliitwa Namfua, na wakubwa wengi bado huuita hivyo. Kisha ukapewa jina la Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, mwanamke ambaye simulizi za Wanyaturu zasema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwafanya nyuki kuwa askari wake. Uwanja mpya unaitwa Airtel. Sina ugomvi na kampuni ya simu. Fedha zake hulipa mishahara, na mchezo wa leo hauendeshwi kwa nyuki. Lakini majina haya ni ya aina mbili. Jina la Liti humfanya mtoto aulize, "Alikuwa nani?" na mtu mzima alazimike kusimulia. Jina la biashara halina hadithi ya kusimuliwa, nalo aghalabu hudumu kadiri mkataba udumuvyo. Mji ukiacha jina la kwanza kwa kufuata la pili, usidhani umebadilisha kibao tu.

Dar es Salaam ilionyesha kwamba si lazima kuchagua. Uwanja mkubwa wa watu 60,000, ambao sasa unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, ulipofunguliwa mwaka 2007, ule wa zamani haukubomolewa. Uliachwa jirani yake, ukiitwa Uhuru, kwa sababu ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba 1961. Mkubwa na mdogo wanatazamana. Zanzibar, kwa upande wake, Amaan wa mwaka 1970 ulifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023 mahali pale pale, ukabaki na jina lake. Waingereza, waliotufundisha mchezo, walishindwa hapo: minara miwili ya Wembley, ambayo hata mtoto wa huku aliijua kwa picha, ilibomolewa mwaka 2003.

Jambo hili litakuja tena, na karibu. Kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuliandaa pamoja, Arusha ilianza kujengewa uwanja mpya wa watu 30,000. Uwanja wa zamani wa mji ule, ule ule ambao Singida United ililia ndani yake mwaka 2018, unaitwa Sheikh Amri Abeid. Sisi wa fani ya lugha twamjua mtu huyo kwa mlango mwingine: ndiye aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, kabla hajawa meya na waziri, na kabla ya kufa kwake mwaka 1964. Wangapi kati ya maelfu waliopiga kelele chini ya jina lake walijua kuwa ni jina la mshairi? Wachache, yamkini. Lakini jina lilikuwa pale, likingoja mtu wa kuuliza. Wenye viwanja, wawe chama, serikali au kampuni, wana hati zao, nami siwadai hati. Nawadai kwamba kabla ya kufunga lango la zamani wawaite wenyeji na kuwauliza mambo mawili au matatu: jina liende wapi, watoto wa shule wacheze wapi, na siku ya kuaga iwe lini. Mkutano wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi, na viti vya kuketi tayari vipo.