Uaminifu wa Mchoro kwa Picha

Mchoraji wa ridhaa anayechora kwa kutazama picha ya kamera hutumikia mabwana wawili: picha iliyo mbele yake, na mtu aliyemo katika picha hiyo. Kwa kuwa hachori ili auze, hakuna mteja wa kumwamulia amtii yupi. Mara nyingi anayechorwa ni mama, rafiki au marehemu babu, na hapo swali la uaminifu huwa zito kuliko swali la ustadi.

Kazi yenyewe haina aibu. Winston Churchill alianza kuchora mwaka 1915, baada ya kupoteza uongozi wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1927 mchoraji Walter Sickert alimfundisha kutumia picha, pamoja na kuziakisi kwa taa juu ya turubai ili afuatishe mistari. Wasio na taa hupiga miraba juu ya picha na juu ya turubai, wakahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Njia zote hizo hutatua suala la vipimo tu.

Wapo wanaosema kwamba kufuatisha ni kunakili, na nakala haiwezi kuwa kazi ya mtu binafsi. Hoja hiyo huchukulia kwamba kamera imekwisha kuona kila cha kuonwa. Kamera haioni, hupokea mwanga, na kifungo cha shati hakina cheo kidogo kwake kuliko tabasamu. Anayechora ndiye anayelazimika kupanga vyeo hivyo.

Isitoshe, kamera hukosea. Uso uliopigwa kwa simu kwa umbali wa mkono hutoka na pua iliyovimba na masikio yaliyojificha. Kosa baya zaidi huipata ngozi nyeusi. Mtu akisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, kamera hujipima kwa mwanga wa nje na uso wake hubaki doa. Anayeitii picha atapaka nyeusi tupu, na turubai itaonekana kama imetobolewa. Anayemjua mtu yule anajua kwamba kivulini mlikuwa na hudhurungi, wekundu shavuni, na pengine ubuluu hafifu wa anga juu ya paji la uso. Akizipaka rangi hizo ameiasi picha, na mchoro wake umekuwa sahihi kuliko picha.

Lakini kumjua mtu nako kuna hila zake. Kumbukumbu hupendelea: humpunguzia marehemu mikunjo, humwongezea upole. Hapo picha hugeuka shahidi asiye na undugu na yeyote, na ni vyema mchoraji amsikilize hata anaposema lisilopendeza.

Mchoraji Gerhard Richter, ambaye si wa ridhaa hata kidogo, aliitumia picha kwa namna ya tatu. Katika Onkel Rudi ya mwaka 1965 alichora mjomba wake kutoka picha ya familia, akitabasamu ndani ya sare ya jeshi la Ujerumani wakati wa vita vya Hitler. Kisha akaivuruga rangi kabla haijakauka, hadi kingo zote zikafifia. Hakurekebisha sura wala hakuipamba; alichoonyesha ni umbali uliopo kati ya mpwa na mjomba wa aina ile.

Umbali wa namna hiyo humkabili pia mtu anayemchora babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, akiwa na picha moja ndogo ya kipande isiyo na rangi. Hana kumbukumbu ya kuisahihisha picha, na walio hai huenda wakabishana hata juu ya weusi wa ngozi yake. Akiacha mchoro katika rangi za kijivu, amechora anachokijua. Akiipaka ngozi rangi na kulifunua jicho lililozama kivulini, amebuni. Ubunifu huo ni halali kabisa, mradi yeye mwenyewe asije akauita ukumbusho.