Ramadhani, siku ya 12: Ijumaa mbili za mvua



Jana kwenye taraweh mvua ilipiga mabati mpaka rakaa mbili nzima hatukumsikia imamu. Wengi mlirudi majumbani mmekunja suruali, viatu mkononi. Ndiyo Sumbawanga yetu, msimu ni mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, na Ramadhani ya miaka hii inatukuta humohumo ndani yake. Njiani nikakumbuka kisa anachokisimulia Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, nacho kimo katika Bukhari na Muslim.

Siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) yuko juu ya mimbari, bwana mmoja akaingia kulalamika: mifugo inakufa, njia hazipitiki, tuombee mvua. Mtume akanyanyua mikono. Anas anasema mbinguni hakukuwa na hata kipande cha wingu. Ikanyesha, na ikaendelea kunyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaingia mtu tena, na malalamiko ni yaleyale: mali zinaangamia, njia zimekatika. Safari hii ni kwa sababu ya mvua hiyohiyo waliyoiomba!

Sasa angalieni Mtume alivyoomba. Hakuomba mvua ikatike. Aliomba ihamie pembezoni, isiwaangukie wao, kisha akataja inakotakiwa kwenda: kwenye vilima na miinuko, ndani ya mabonde, na mahali miti inapoota. Mawingu yakafunguka, watu wakatoka wakitembea juani.

Dua hii nimeisoma miaka mingi kama dua ya mvua kubwa basi. Jana ndiyo nimeshtuka kwamba ndani yake mna mafundisho. Mvua ni rehema, lakini ina mahali pake. Kilima kiipokee, miti iishike, bonde liipitishe. Tukiviharibu hivi vitatu halafu tukanyanyua mikono kuomba, tunaomba ipelekwe wapi?

Tazama Mbizi. Vijito vinavyotunywesha vinashuka kule. Msitu ukiwa mzima, majani makavu na mizizi vinayapokea maji yakazama taratibu, na mwezi wa Septemba bado chemchemi inatoa. Mlima ukichomwa moto, maji hayohayo yanateremka siku moja yakiwa mekundu, yanachukua udongo wa shamba, na kiangazi tunagombea foleni ya ndoo. Ule udongo nao haupotei. Maji ya upande ule yanaelekea Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini yetu, na ziwa lile halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki humo, kwenye maji ya wavuvi wasiotujua hata majina.

Wazee wa Kifipa walilijua jambo hili vizuri. Wale mliokulia vijijini mnaikumbuka ntumba: nyasi hazichomwi, zinafukiwa chini ya udongo kwenye vilima vidogo vya duara, zinaoza, zinakuwa mbolea, na mvua inanyonywa palepale. Leo mtu analima matuta yanayofuata mteremko, juu mpaka chini. Huyo, bila kujua, kayachimbia maji barabara. Mwingine analima bustani mpaka mdomoni mwa mto, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 zisizofanyiwa shughuli za kudumu. Mita 60 si uonevu wa serikali, jamani. Ni haki ya mto kupumua.

Kuna kisa kingine, cha Zubeir na jirani yake wa Madina waliogombea maji ya mfereji. Zubeir shamba lake lilikuwa juu. Hukumu ya Mtume ilikuwa amwagilie, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Yule jirani akakasirika, na mengine mnayajua. Mimi nachukua hapo jambo moja tu: anayekaa juu ana dhima kwa anayekaa chini. Ilikuwa hivyo maji yalipokuwa machache. Yakiwa mengi dhima haiondoki, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu kumtupia jirani madhara yake.

Na hapa lazima niseme la kwetu, ingawa linaniuma.

Msikiti wetu uko juu ya mteremko. Paa lake nimelipima kwa hatua, ni kama mita 10 kwa 20. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake linamwaga lita 10,000. Ni ndoo 500 za lita 20! Gata hatuna. Yote yanaporomoka upande wa kibla, yanaungana na maji ya udhu, yanapita kwa mama jirani yetu wa chini. Si Muislamu, ila siku ya Idi hatumsahau kwa pilau. Mwaka juzi alikuja kwangu kwa adabu kabisa, akaniambia, "Shehe, mimi mvua inaninyeshea mara mbili, ya Mungu na ya kwenu." Nikamjibu tutalishughulikia. Tukashughulikia zulia. Tukashughulikia spika. Jana usiku nilipopita kwake nilimkuta na wanawe wanachota tope ndani kwa sufuria, na ukuta wa nyuma umeliwa chini mpaka tofali zinaonekana. Akanisalimia. Nilishindwa pa kutazama.

Basi Jumamosi hii, baada ya swala ya alfajiri, hatulali. Najua tumefunga, ndiyo maana tunaanza mapema, na baridi ya hapa itatusaidia. Tutachimba mtaro wa kukinga maji juu ya ukuta wake, na shimo la kuyanyonya lililojazwa mawe, mbali na nyumba yake na mbali na vyoo. Vijana waje na jembe, sululu na makoleo. Mwenye mkokoteni atusaidie mawe. Mafundi wawili wamekubali kuukarabati ukuta wa mama kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Gata na tenki vitafuata, fundi akishapima nitawaandikia gharama hapa. Maji ya tenki tutatawadhia. Mtume alitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita, nasi tunafungua bomba tukipiga stori.

Mama nimeshamwomba radhi leo asubuhi. Amesema tusimletee watu wengi kwa mpigo, ana kuku wanaoatamia karibu na ule ukuta.

Wabillahi tawfiq.