Habari Mbaya za Wapelelezi
(Hesabu 13 na 14)



Twawajua wale watu 12 waliotumwa kuipeleleza nchi ya Kanaani, wakarudi baada ya siku 40. Hawakusema uongo mtupu. Kichala cha zabibu kilikuwa cha kweli, na miji yenye maboma ilikuwa ya kweli. Lakini 10 kati yao walitia hofu yao ndani ya habari, hata watu wakalia usiku kucha. Nao walioieneza walikufa kwa tauni.

Zamani habari zilifika Makambako kwa malori na gari la moshi, zikapanda Njombe mwendo wa kilomita 60 hivi, na njiani palikuwa na nafasi ya kuuliza. UVIKO-19 ulipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, habari zilikuwa zimekwisha kuutangulia ndani ya simu. Hata kundi la WhatsApp la kwaya, lililofanywa ili kutangaza saa ya mazoezi, likajaa dawa. Tuliambiwa kwamba kujifukiza kwa majani ya mkaratusi kwaponya. Mvuke wafungua pua iliyoziba, sisi watu wa baridi twalijua jambo hilo. Bali hauui kirusi kilichomo mwilini, na maji ya moto huunguza. Ile nusu ya kweli ndiyo iliyoibeba nusu ya pili.

Walakini tusiwalaumu wapelekaji peke yao. Mwaka 2020, hesabu ya wagonjwa ilipofika 509, takwimu hazikutangazwa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka. Shahidi alipokaa kimya, uvumi uliketi kitini pake.

Kisha zikaja chanjo, naye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu tarehe 28 Julai 2021. Mwaka ule ule ilizunguka habari kwamba kila aliyechanjwa atakufa kabla ya miaka miwili kwisha, nayo ilitiwa jina la Luc Montagnier, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2008. Yeye hakulisema neno lile. Torati yatuagiza kumpima nabii kwa kutazama kama neno lake limetukia (Kumbukumbu la Torati 18). Miaka miwili imepita, na mingine juu yake. Waliochanjwa wangali wakiimba nasi.

Amri ya nane twaidhania kuwa ni ya barazani na ya masengenyo. Habari ya dawa yaigusa na ya tano pia, kwa maana yaweza kuua. Kwetu si mfano tu: uchunguzi wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe wanaishi na VVU, kupita mkoa wowote wa nchi. Tena mwaka 2011, zilipovuma habari za kikombe cha Loliondo, kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa Kanisa letu wenyewe, wako walioacha dawa zao.

Basi twawasihi: habari ya dawa ikipokewa, kwanza iulizwe, ni nani aliyeona, wapi, na lini? Kisha apelekewe tabibu wa zahanati, au wa hospitali yetu ya Ilembula, kabla ya kupelekwa kundini. Naye aliyeipeleka ile ya miaka miwili, kama kundi lingaliko, na arudi humo aandike kwamba haikuwa kweli.