Kuanika Vitu vya Marehemu Mzazi: Kumbukumbu kama Tendo

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na unyevu wake hupenya hadi ndani ya masanduku. Doti za kanga hushika ukungu, picha hugandana, kurasa za vitabu hupata madoa, na misumari ya shaba ya kasha hufifia. Kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni, vitu hivyo hutolewa, hukung'utwa na kuanikwa. Katika nyumba iliyofiwa na mzazi, kazi hii huweza kuwa ada ya kumkumbuka.

Kabla ya kuwa ukumbusho, vitu hivyo ni mali. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi; kinachobaki ni haki ya warithi. Kanga au bakora ya marehemu huwekwa kando kwa kuridhiana. Hivyo ukumbusho huanza pale watu wanapokubali kutohesabu thamani ya kitu kwa bei yake.

Kumbukumbu ya mzazi, basi, inakaa wapi? Haiwezi kuwa ndani ya kitu chenyewe, kwani kanga ileile mikononi mwa mgeni ni nguo kuukuu tu. Wala haikai moyoni peke yake. Ingekuwa hivyo, aliyeunguliwa na sanduku la mama yake asingehisi amepoteza chochote zaidi ya nguo. Aristotle alitofautisha kumbukumbu iliyotulia akilini na ukumbukaji unaotafutwa hatua kwa hatua, jambo moja likivuta jingine. Kuanika ni ukumbukaji wa aina hii ya pili. Mkunjo hufunguliwa, jina la kanga husomwa, harufu ya udi hutoka, na arusi iliyofanya kanga hiyo inunuliwe hurudi pamoja na maneno yaliyosemwa siku ile.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachoita mikono ni uchakavu. Kitu kisichooza kingeweza kufungiwa miaka hamsini bila kudai lolote, nacho kingesahaulika kwa amani. Kitambaa kinachohitaji hewa, kuanikwa kivulini ili jua lisikipaushe, na karafuu za kufukuza wadudu, humdai mtoto huduma. Mzazi hawezi tena kuhudumiwa kwa chakula wala dawa. Kwa kuanika, sehemu ya huduma hiyo hupata pa kwenda.

Msimu nao una maana yake. Huzuni haina kalenda: huzidi bila taarifa na kupungua bila ruhusa. Masika hayangoji moyo uwe tayari. Ada inayofuata hali ya hewa huutoa ukumbusho katika mikono ya hisia na kuuweka katika wajibu, hata mwaka ambao machozi hayaji.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Wakiisha, huingia Zamani. Wajukuu wanaosaidia kukunja nguo za bibi wasiyemwona hawamkumbuki. Wanamsikia kwa wanaomkumbuka. Kwao kitu ni urithi zaidi ya kumbukumbu, na utunzaji wao huendeleza jina hata pale sura imepotea.

Tendo hili lina mpaka. Kuhifadhi kila kitu humfanya aliye hai kuwa mlinzi wa ghala, na kukataza kitu kisiguswe hukinyima kazi iliyokipa maana. Kanga iliyofungwa kama mbeleko ya kitukuu itachakaa upesi kuliko iliyolala kashani, lakini imeendelea na kazi ya mwenyewe: kubeba watoto. Kipimo cha utunzaji mwema ni uhusiano uliodumishwa kati ya marehemu na walio hai. Urefu wa maisha ya kitu huja baada ya hapo.