Mlinzi wa Usiku na Mashetani Wake

Pale Mwitongo, Butiama, jirani na nyumba na kaburi la Mwalimu Nyerere, kuna msitu mdogo uitwao Muhunda. Wazanaki wa asili wanaamini kwamba humo huishi roho anayewalinda, naye akitaka kuonekana hujitokeza kwa umbo la mnyama, pengine nyani mkubwa, pengine chui. Kwa sababu ya imani hiyo watu waliogopa kuuingilia ovyo kwa shoka, na miti yake ingali imesimama. Sisi wa Buhare, Musoma, na wenzetu wa Bunda na Butiama, tumekua tukisikia habari za namna hii: viumbe wanaotoka Ziwa Victoria, mawe ambayo zamani yalikuwa watu, mazimwi yanayojigeuza vijana wazuri ili waoe binti wa watu. Lakini mpe mtoto wa leo karatasi na penseli, umwambie akuchoree kiumbe wa ajabu, na aghalabu atakuchorea shujaa mwenye joho aliyemwona kwenye runinga. Mtoto hana kosa. Amechora alichoonyeshwa. Ni nani aliyewahi kumwambia kwamba hata roho wa Muhunda anachoreka?

Swali hilo hunirudisha mara kwa mara kwa mchongaji na mchoraji George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, Masasi, mbali kabisa na ziwa letu, katika jamii ya Wamakonde ambao kwao vinyago na ngoma za jando ni sehemu ya malezi. Alianza kwa kuchonga mihogo. Anayeujua muhogo anajua kwamba ni mwalimu mpole; kisu kinapita bila kubembelezwa, na ukikosea unachukua mwingine. Baadaye akahamia kwenye mpingo, nao hauna upole wowote. Sehemu ya nje ya mti wake ni nyeupe, moyo wake ni mweusi, ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na tezo huruka juu yake kama imegonga chuma. Mchongaji hunoa, hupiga, hunoa tena. Atakayetaka kutoa masikio mapana na midomo iliyochomoza katika mti kama huo hana budi awe amekwisha kumwona kiumbe wake kabla ya pigo la kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alikwenda Dar es Salaam. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kwa msaada wa mjomba huyo Lilanga alipata kazi pale, na kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Mtu aliyekaribia miaka arobaini, mchongaji tayari, akawa analinda mlango wa nyumba ambamo wengine walichora. Hakukaa mlangoni muda mrefu. Kazi zake zilipoonekana aliingizwa ndani, akajifunza kuchora kwenye karatasi, kitambaa, ngozi ya mbuzi na mabati, na ilipofika mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington.

Nimezitafakari sana hatua zile chache kutoka mlangoni hadi ndani. Tumezoea kumsalimu mlinzi bila kumtazama usoni. Tunajua zamu yake, hatujui anachokiona akikaa peke yake gizani. Pale Nyumba ya Sanaa palikuwa na watu walioweza kumtazama mlinzi wakamwona msanii, na sidhani kama jambo hilo ni dogo. Kipaji kiwe kikubwa namna gani, bado kinahitaji mtu mwingine mwenye unyenyekevu wa kukubali kwamba kimetokea mahali asipopatarajia. Je, katika ofisi zetu, shule zetu na masoko yetu, ni wangapi wanaosubiri mlangoni?

Hata njia aliyoipita Lilanga ilikuwa imefunguliwa na mtu aliyethubutu na mwingine aliyemwamini. Kabla ya hapo wachongaji wengi wa Kimakonde waliowauzia wageni walikuwa wakichonga vichwa vya wazee na akina mama wenye mitungi, kwa kuwa ndivyo vilivyonunuliwa. Kwenye miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa alimpelekea mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, kinyago cha shetani, kiumbe asiyefuata mizani ya mwili wa binadamu. Mfanyabiashara angeweza kusema kwamba kitu kama hiki hakina mnunuzi. Peera alimtia moyo aendelee. Kutoka hapo ukazaliwa mtindo ambao leo unajulikana dunia nzima.

Najua neno shetani linawashtua waumini wengi, na mshtuko huo naufahamu kwa kuwa nami ni mtu wa ibada. Lakini mashetani wa Wamakonde ni jamii nzima ya viumbe wa porini na wa majini, wengine wakorofi, wengine wema, wengine wapuuzi tu kama sisi. Na ukiwatazama wale wa Lilanga kwa utulivu, hofu inakuondoka. Wana masikio makubwa, midomo minene, matumbo yaliyotuna na vidole vichache vya mikono na miguu. Mistari inayowazunguka ni myeusi na thabiti, rangi ndani yake ni kali bila vivuli, na mavazi yao yamejaa madoa na mistari kama khanga mpya. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Mkono wa huyu unapita juu ya bega la yule, mguu wa mmoja unajaza pengo chini ya kiti cha mwingine. Nao wanafanya nini? Wanapika, wanacheza ngoma, wanakunywa pombe, wanabeba wagonjwa, wanalaumiana, wanashauriana. Majina aliyozipa picha hizo mara nyingi yalikuwa sentensi ndefu za Kiswahili, maneno ambayo ungeyasikia kwa jirani yako mkiwa mnasubiri zamu kwenye zahanati.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi yake. Wengi hudhani kwamba sanaa ya mambo ya ajabu ni kukimbia maisha, kwamba anayechora viumbe wasiokuwepo ameshindwa kuvitazama vilivyopo. Lilanga alifanya kinyume chake. Aliwatazama majirani kwa makini mno, akawavika masikio makubwa ili tuone jinsi tunavyopenda kusikiliza ya watu, na matumbo makubwa ili tuuone ulafi wetu, wala hakumdhalilisha mtu hata mmoja. Ungemchora jirani yako kwa jina na sura yake, ungeleta ugomvi. Mchore akiwa shetani, naye mwenyewe atacheka kwanza, kisha atanyamaza kidogo akijitafakari. Zaidi ya hayo, ni nadra sana kumkuta shetani wa Lilanga akiwa peke yake. Ulimwengu wake wa kubuni umejengwa juu ya ujirani, na ujirani huo hakuutoa kitabuni. Alilelewa ndani yake.

Kisukari kilimwandama miaka ya mwisho, akakatwa miguu. Hakuacha kuchora. Ndugu na vijana waliokuwa wakijifunza kwake walimsaidia kujaza rangi, na baada yake wanunuzi wa mbali wamekuwa wakibishana ipi ni ya mkono wake hasa na ipi ni ya mikono ya nyumbani kwake. Wana haki ya kujihadhari na kazi za kughushi, maana wizi ni wizi. Hata hivyo nadhani kuna jambo linalowapita. Mzee asiyeweza tena kusimama anachora mstari, kijana wa ukoo anatia rangi, na katika kutia rangi anajifunza mstari. Hivyo ndivyo tulivyorithishana kilimo, uvuvi na uganga. Kwa nini usanii uwe tofauti? Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, ni msanii anayejulikana, na anayezitazama kazi zake anaona palipotoka damu yake. Mzee mwenyewe alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005, wakati kazi zake zikiwa katika maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004 na kuishia Johannesburg mwaka 2007.

Mwaka uleule wa 1972 ilipoanzishwa Nyumba ya Sanaa, alizaliwa Nairobi msichana aitwaye Wangechi Mutu. Yeye alipata elimu ya juu ya sanaa Marekani, na viumbe wake ni wa zama nyingine: wanawake nusu mnyama, nusu mmea, nusu mtambo, waliounganishwa kwa vipande vya picha za magazeti na wino. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba, wanawake walioketi kwa enzi kama waliotua kutoka sayari nyingine, ziliwekwa kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokaa vitupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka 1902. Asili ya sanamu hizo ni wanawake wa vinyago vya Afrika wanaobeba viti vya watawala vichwani. Mutu aliwapumzisha mzigo, akawaketisha wenyewe. Mlinzi wa usiku kutoka Masasi na msomi wa Nairobi hawakufanana kwa lolote katika maisha yao, isipokuwa hili moja: hakuna kati yao aliyeona haya kwa masimulizi na maumbo ya kwao.

Na huku kwetu tunayo mengi. Wajaluo wa Rorya, pamoja na ndugu zao wa upande wa Kenya, husimulia habari za Nyamgondho, mvuvi fukara aliyekwenda kuvua akanasa mwanamke mzee. Akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo boma likajaa mifugo. Utajiri ukamlevya. Usiku mmoja akarudi na pombe kichwani, akamtukana yule mama na kumkumbusha alikomwokota. Mama akainuka akashika njia ya ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wakamfuata kwa mlolongo hadi wote wakazama. Mimi hujaribu kuiona picha hiyo imechorwa: mstari mrefu wa pembe ukiingia majini, na mwanamume amesimama ufukoni, ulevi ukimtoka, haamini macho yake. Msanii gani wa filamu za kubuni asingeitamani? Kuna kijana gani wa Musoma aliyekwisha kuichora?

Mwalimu wa darasa la tatu anayesoma haya, siku moja ya wiki waache watoto wachore zimwi walilosimuliwa na bibi, na aliyechora vibaya asichekwe. Mzazi, ukimkuta mwanao amejaza mgongo wa daftari viumbe wenye macho matatu, kabla ya kumkaripia muulize huyo wa katikati anaitwa nani. Na ninyi vijana wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii hapa Buhare, mtakapopangiwa vijiji, mkishamaliza kuhesabu visima na vyoo, tengeni jioni moja mkae na wazee. Ulizeni habari za roho za misitu na za ziwani, ziandikeni kama zilivyosemwa, na chini yake wekeni jina la msimuliaji na la kijiji chake.