Ushahidi wa Picha na Sitara ya Anayepigwa Picha

Huulizwa: Je, yafaa kumpiga picha mtu aliyetoka kudai haki katika maandamano, kisha kuieneza bila ya idhini yake?

Jawabu lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni ushahidi. Familia zikaazo North Buffalo zinayajua yaliyotokea Niagara Square, katikati ya mji, tarehe 4 Juni 2020. Mzee Martin Gugino, wa miaka 75, alisukumwa na polisi, akaanguka, akatoka damu kichwani. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kuwa mtu mmoja alijikwaa. Lakini mwandishi wa redio ya WBFO alikuwa amekwisha kulinasa tukio, na neno "alijikwaa" halikuweza kusimama. Lau picha ile ingefichwa, mzee angekosa shahidi.

Upande wa pili ni sitara. Sura ya Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na Maibadhi wanalijua hilo katika historia yao. Inasimuliwa kuwa huko Basra, karne ya pili ya Hijra, Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima alisomesha kwa siri; mnyororo ukilia mlangoni, wanafunzi hunyamaza na kushika kusuka vikapu. Mwenye kumtaja mmoja wao mbele ya mtawala angemwangamiza, ingawa alilolisema ni kweli. Basi ukweli wa habari hauhalalishi kila kuieneza. Na uso katika picha, leo, ni sawa na jina.

Akisema msemaji: "Huyu alijitokeza hadharani mwenyewe," huambiwa: alijionyesha kwa waliohudhuria, kwa saa ile, hakutoa idhini kwa watu wote, milele.

Kipimo, basi, ni hiki: kitendo cha mwenye mamlaka aliyedhulumu hudhihirishwa, na uso wa mnyonge husitiriwa. Vikikutana viwili hivyo katika picha moja, ya asili ihifadhiwe kwa wakili au mahakama, na inayoenezwa ifunikwe nyuso. Wala uso peke yake hautoshi: nguo na michoro ya mwilini humtambulisha mtu, na picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Aliye karibu aombwe idhini, akikataa, aachwe.

Uso wa mwenzio ni amana mkononi mwako. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.