Haki ya Mgeni Kulaumiwa

Mgeni akikosea, husamehewa kabla hajaomba radhi. Amekalia kigoda cha mzee bila kujua, tunatabasamu na kumwambia asijali. Amesalimia kinyume na desturi, tunasema kwao labda ndivyo wanavyosalimiana. Huo ni uungwana, na wengi wetu tumelelewa nao. Lakini kadiri ninavyoutafakari msamaha huu wa haraka, ndivyo ninavyoona kwamba unamweka mtu nje kwa upole uleule unaomkaribisha. Tunayemsamehe kila kitu ni mtu ambaye hatumtegemei kwa lolote. Kwa hiyo nataka kutetea jambo linaloweza kusikika kama ukali: mgeni ana haki ya kulaumiwa, na asipoipata haki hiyo, hata akae miaka ishirini, bado yuko sebuleni.

Sijui mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili kuliko uwanja wa mpira, mwisho wa wiki, kwenye bonanza la vijijini. Tuuchukue uwanja wa Ihembe, kata ya wilaya ya Karagwe, upande ule wa mkoa wa Kagera ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa wilaya moja na Kyerwa. Huku wageni hawakosekani. Wako walimu na wauguzi waliopangiwa kazi kutoka mikoa ya mbali, maofisa ugani, wanunuzi wa kahawa, na vibarua wanaovuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi kutafuta kazi mashambani. Mwenyeji anayekufahamu atakukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kisha ndizi. Hutaambiwa hata mara moja kwamba unakula polepole.

Bonanza lina mpangilio wake. Jumamosi zinachezwa mechi fupi fupi za makundi, Jumapili nusu fainali na fainali, na zawadi ni mbuzi, mara nyingine ng'ombe, pengine jezi na mpira. Nguzo za magoli ni miti iliyokatwa jirani. Timu ni za mitaa, vijiji, shule, waendesha bodaboda. Sasa tuseme timu moja imepungukiwa namba mbili, beki wa kulia, maana mwenye namba ameenda msibani. Kocha anamtazama mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Lindi, aliyeripoti shuleni muhula huu. Hana cha kumuuliza zaidi ya saizi ya viatu. Sheria ya tatu ya mchezo huu inasema timu isizidi wachezaji kumi na mmoja, na wakipungua saba mechi isianze. Haisemi neno juu ya walikozaliwa hao kumi na mmoja, wala lugha wanayoota nayo usiku. Kuna nafasi, na nafasi inataka mtu.

Jumamosi mwalimu anacheza kama mgeni. Anapewa pasi nyepesi. Akipoteza mpira anasikia, "Si kitu, mwalimu, twende!" Akirusha vibaya, wanampigia makofi. Watu wote ni wema, naye kwa kweli yuko peke yake, kwa sababu timu imekwisha kujipanga kimyakimya kana kwamba upande wa kulia hauna mtu. Beki wa kati anasogea kumfunika. Kiungo anachungulia nyuma yake kila mara. Heshima yote ile ni njia ya kusema: hatukutarajii.

Jumapili, kwenye nusu fainali, anapanda na mpira hadi karibu na kona, anaupoteza, hashuki. Winga wa wapinzani anapita palepale alipotakiwa kuwa, krosi inapigwa, goli. Na kipa, kijana wa bodaboda ambaye barabarani humwamkia mwalimu shikamoo, anatoka golini mikono imetanuka: "We mwalimu! Mtu wako huyo! Unapanda, nani anashuka?"

Nadhani hapo ndipo mwalimu anapofika Ihembe.

Kelele ile imebeba mengi kuliko hasira. Imekiri kwamba palikuwa na mahali pake yeye, si pa mwingine. Imekiri kwamba kukosekana kwake pale kumewaumiza wenzake. Na imekiri kwamba angeweza kufanya vingine, kwa sababu hakuna anayeigombeza mvua kwa kunyesha wala mlima kwa kuinuka. Unapomlaumu mtu unamtambua kuwa ana akili, ana hiari, na ana deni kwako. Ndiyo maana shikamoo ilisahaulika kwa dakika moja. Kipa hakumkosea adabu mkubwa wake. Alizungumza na beki wake.

Mwaka 1962 mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson alitoa mhadhara kuhusu uhuru na kinyongo. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba tuna namna mbili za kumtazama binadamu mwenzetu. Ya kwanza ni kushiriki naye: tunamshukuru, tunamkasirikia, tunaumizwa na dharau yake, tunamsamehe. Ya pili ni kumtazama kutoka pembeni, kama jambo la kushughulikiwa, kutibiwa au kuvumiliwa. Mtoto mdogo na mgonjwa wa akili tunawatazama hivyo wakati mwingine, na ni haki yao. Strawson hakuwa akizungumzia wageni, lakini naona wageni wanaingia kwenye hoja yake moja kwa moja. Mgeni anayeheshimiwa ni mtu mzima tunayemvumilia kama mtoto.

Mwaka huohuo wa 1962, Julius Nyerere alichapisha kijitabu chake juu ya Ujamaa, na ndani yake akaikumbusha methali ambayo kila Mswahili anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaongeza kwamba huenda mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla hajapewa. Watu huinukuu methali hii kama onyo kwa wavivu, yaani wenyeji wamechoka kumlisha mtu bure. Mimi naisoma kwa upande wa anayepokea. Jembe linamtoa kwenye mkeka wa wageni. Ukishalishika, mstari wako shambani unaonekana, na ukiwa umepinda utaambiwa umepinda. Nyerere alikuwa sahihi kwamba mtu mwenye kujiheshimu ataliomba mwenyewe, kwa sababu kulishwa bila kuulizwa neno ni upweke mkubwa.

Karagwe ina kisa cha zamani kinachonirudia mara kwa mara. Mwishoni mwa 1861 wasafiri Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika, kwenye makao yake ya Bweranyange. Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda. Grant alibaki, mguu umevimba, hawezi kutembea, hadi Aprili. Kwa miezi hiyo yote alikuwa mgeni wa mfalme, analishwa na kujuliwa hali. Maandishi yao yanausifu ukarimu wa Rumanyika, na sina sababu ya kuutilia shaka. Lakini naitazama ile miezi na kuona mtu aliyeijua Karagwe kwa kuitazama tu. Hakuna shauri lililomngoja, hakuna kazi iliyoharibika kwa kuchelewa kwake. Aliandika mengi kuhusu watu ambao hawakuwahi kumdai kitu. Ndiyo hali ya wataalamu wengi wa kigeni hadi leo, hata walio wema. Kijana wa Kijapani anayekuja kujitolea kufundisha sayansi katika shule ya Tanzania, kama wengi waliokuja tangu miaka ya 1960, anaweza kumaliza mkataba wake akisifiwa kila siku na asijue kama alifundisha vizuri. Mwekeni golini Jumamosi moja, mumfokee akitoka vibaya, naye atakuwa amepewa kitu ambacho risala ya kumuaga haiwezi kumpa.

Kuna pingamizi zito hapa, na siwezi kulipita. Kagera inajua namna nyingine ya kuwalaumu wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku mbili, wakaingia Ngara. Karagwe nayo ilikuwa na kambi zake, hadi Desemba 1996 waliporudishwa. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji walioitwa haramu, na miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokaa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa, waliozaa watoto hapa. Miti iliyokatwa, ujambazi wa barabarani, mifugo iliyoibwa: kwa miaka mingi mengi ya hayo yalikuwa na jibu moja midomoni mwa watu, wageni. Je, huko nako ni kutambuliwa? Je, nao walipewa haki yao?

Hapana. Lawama ya kipa ilimfuata mwalimu kwa alilotenda, mahali fulani, dakika fulani, na angeweza kulirekebisha dakika inayofuata. Lawama ya aina ile nyingine inamfuata mtu kwa alivyo. Haimwachii namna ya kushuka na kukaba. Kwa hakika inafanana zaidi na ule upole wa sebuleni kuliko inavyofanana na ukali wa uwanjani, maana zote mbili hazimwangalii mtu mwenyewe. Mmoja anasamehewa kwa kuwa mgeni, mwingine anahukumiwa kwa kuwa mgeni, na katika hali zote mbili matendo yake hayajasomwa. Nimekuja kuamini kwamba ndiyo sababu jamii moja inaweza kuwa na ukarimu wa kusifika leo na kufukuza watu kesho bila kuona kwamba imebadilika.

Mamluki ni kesi ya katikati. Kila anayefuata soka la mchangani anamjua: mchezaji aliyeletwa kwa malipo kutoka mji mwingine, anashuka kwenye pikipiki dakika kumi kabla ya mechi, anafunga mawili, anaondoka. Naye analaumiwa, tena vikali, akikosa penalti. Lakini deni lake lina bei, na likishalipwa limekwisha. Hata mgeni wa kulipwa wa ligi kuu ni tofauti naye. Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda aliyeichezea timu ya taifa ya Rwanda, aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo akiwa Simba, 2018/19 na 2019/20, na mashabiki walimdai mabao kama wanavyomdai mtoto wao. Alikaa, akaijibu lawama kwa mechi iliyofuata. Mamluki wa mbuzi hana mechi inayofuata.

Turudi kwa mwalimu, maana bado hatujamaliza naye. Baada ya mechi timu inakaa kwenye nyasi kufanya tathmini. Anakiri hakushuka. Kisha anasema jambo lingine: kipa naye alichelewa kuifuata krosi, alisimama kwenye mstari. Wanamsikiliza. Wawili wanamkubalia, kipa anabisha, wanabishana. Hili ni kubwa kuliko ile kelele ya kwanza, kwa sababu lawama isiyoweza kurudishwa ni amri tu. Bosi humlaumu kibarua, mkoloni alimlaumu aliyetawaliwa mchana kutwa, na hakuna aliyeitwa ndugu kwa sababu hiyo. Mgeni anakuwa mwenzetu pale lawama yake kwetu inapopokelewa kama hoja na haijibiwi kwa kumkumbusha alikotoka.

Na kwa kipimo hicho mwalimu wa Lindi ni kesi nyepesi. Ana barua ya ajira, ana kitambulisho, anajua Kiswahili tangu utotoni. Mgumu ni namba sita wa timu hiyohiyo, tuseme kijana aliyevuka kutoka Burundi kulima na kuchuma kahawa, asiye na kibali. Jumapili anamfokea mtoto wa mwenyekiti wa kijiji kwa kutokaba, na mtoto wa mwenyekiti anakaba. Jumatatu mwenye shamba akimpunja ujira, hawezi kumfokea mtu, kwa sababu kulalamika ni kujitaja, na kujitaja ni kuondoshwa. Jembe amepewa tangu siku ya kwanza, wala hakungojewa siku ya tatu. Alichonyimwa ni neno juu ya shamba. Wachezaji wenzake hawana uwezo wa kumpa kibali, lakini wamekwisha kuthibitisha kwa macho ya kata nzima kwamba anaweza kudaiwa na kudai, na yeyote anayesema mtu huyu hawezi kukabidhiwa sauti mbele ya baraza la kijiji anapaswa kueleza alikabidhiwaje nafasi ya kiungo wa timu.